Refa, Mstari na Maneno ya Barazani

Leo twataka kuzungumza juu ya ugomvi wa mpira wa miguu. Katika pwani yetu hii, toka Kunduchi na Mbweni hata Bagamoyo, Saadani na Pangani, ugomvi huo umewahi kuwanyima watu usingizi kuliko kesi za minazi.

Tuanze na usiku mmoja. Ilikuwa Ijumaa, tarehe 5 Aprili, 2024, katika kumi la mwisho la Ramadhani. Watu wa Bagamoyo walikwisha kufuturu, wakakusanyika palipo na televisheni, wengine wamekaa, wengine wamesimama mlangoni kwa kukosa nafasi. Usiku huo timu zetu mbili kubwa zilikuwa ugenini, zote katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Simba walikuwa Cairo kwa Al Ahly, Yanga walikuwa Pretoria kwa Mamelodi Sundowns. Habari ya Simba ni fupi. Walikwisha kufungwa moja bila jibu Dar es Salaam, na huko Misri wakafungwa mawili. Wala hapakuwa na la kubishania.

Habari ya Yanga ndiyo iliyozaa maneno. Mchezo wa kwanza, Dar es Salaam tarehe 30 Machi, ulikwisha bila bao. Huko Pretoria nako bao likawa gumu kupatikana, hata katika kipindi cha pili Stephane Aziz Ki, mchezaji wa Burkina Faso, alipoupiga mpira kutoka mbali. Mpira ukapita juu ya mlinda mlango, ukagonga mtambaa panya kwa upande wa chini, ukashuka, ukadunda penye mstari, ukarudi nje. Yanga wakainua mikono. Refa, Bwana Dahane Beida wa Mauritania, hakutoa bao. Waamuzi wa picha, wale waitwao VAR, wakatazama, na bao likabaki kukataliwa. Mchezo ukaisha sifuri kwa sifuri, ikapigwa mikwaju ya penalti, na Sundowns wakashinda kwa 3 dhidi ya 2. Yanga wakapeleka malalamiko yao kwa chama cha mpira cha Afrika, lakini matokeo hayakubadilika.

Mwajua wenyewe yaliyofuata barazani. Wako waliosema mpira ulivuka, na asiyeona ni kipofu. Wako waliosema haukuvuka wote, na hao wengi wao walikuwa wa Simba, ambao kwa kuwa wametolewa usiku uleule hawakuwa na faraja nyingine duniani ila hiyo. Na wako waliosema kwamba mpira ulivuka na refa aliona vizuri, ila alikwisha kuuzwa. Kundi hili la tatu ndilo lenye sauti kubwa siku zote, nasi tutalirudia.

Kwanza yafaa tuulize, huyu refa alitoka wapi? Sheria za mpira zilipoandikwa London mwaka 1863 hazikumtaja kabisa. Ilidhaniwa kwamba waungwana wawili wakikosana watapatana wenyewe. Hawakupatana. Ndipo kila timu ikaja na mwamuzi wake, na ilipotokea shaka wachezaji walipaswa kuwalalamikia waamuzi hao wawili. Yamkini mwaweza kukisia jinsi mwamuzi wa upande huu alivyoona, na wa upande ule alivyoona. Ikabidi kumweka mtu wa tatu, naye alisimama nje ya uwanja na saa yake, akangoja kuulizwa wale wawili wakishindwana. Mwaka 1891 ndipo huyo wa nje alipoingizwa ndani na kupewa amri yote, na wale wawili wakatolewa pembeni wakawa washika vibendera. Mwaka huohuo penalti nayo ikaanza. (Ni mwaka huohuo pia Wadachi walipouhamisha mji mkuu wao kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, mambo haya mawili hayahusiani, ila yatasaidia vijana kukumbuka tarehe.)

Basi refa ni mtoto wa kutoaminiana. Hakuwekwa kwa sababu ana macho kuliko wengine. Aliwekwa kwa sababu si wa upande wowote. Na Kiswahili chetu chamfahamu vizuri, kwani kuamua ni kuingia kati ya wanaopigana ukawatenga, na kila aliyewahi kufanya hivyo ajua kwamba aingiaye kati hukosa kupendwa na wote wawili.

Lakini pwani yetu ilikuwa na mashindano kabla ya kuujua mpira, na mashindano hayo hayakuwa na refa. Mtaa ulishindana na mtaa kwa ngoma na kwa karamu. Katika miaka ya 1890 ngoma ya beni ilizuka kwenye miji ya Lamu na Mombasa, na baadaye ikaenea katika miji ya Tanganyika, na vyama vyake vilivyovuma sana ni Marini na Arinoti. Walivaa sare, walipiga tarumbeta, walipeana vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Nani aliyeshinda? Hakuwako mtu mmoja mwenye filimbi wa kulitamka. Ushindi ulionekana kwa wingi wa watu waliofuata, kwa nguo, kwa chakula kilicholiwa na kwa nyimbo zilizochoma. Kila upande uliweza kwenda kulala ukiamini kwamba umeshinda, na asubuhi yake maneno yakaanza upya. Kwa watu wa ngoma, maneno hayo ya asubuhi yalikuwa sehemu ya shindano lenyewe.

Kisha mpira ukaja. Unguja vijana wa shule ya misioni ya Kiungani walikuwa wakiucheza kabla ya karne ya 19 kwisha, na kutoka huko na kwa njia nyingine ukafika bara. Dar es Salaam Yanga wahesabu kuzaliwa kwao tangu mwaka 1935, na Simba tangu 1936. Nao Simba kwa miaka mingi waliitwa Sunderland, hata 1971 walipobadili jina. Twaona sisi kwamba watu waliupokea mpira kwa moyo uleule wa ngoma, pande mbili zenye rangi zao, nyimbo zao na kejeli zao. Kitu kigeni kilikuwa kimoja tu, mtu mmoja kupuliza filimbi na mambo kwisha. Uwanjani yalikwisha. Barazani hayakukubali kwisha hata leo.

Wala msidhani kwamba ni sisi tu. Tarehe 30 Julai, 1966, katika uwanja wa Wembley, Uingereza na Ujerumani ya Magharibi walikuwa mawili kwa mawili katika fainali ya Kombe la Dunia, nao wako katika dakika za nyongeza. Geoff Hurst akapiga, mpira ukagonga mtambaa panya kwa chini, ukashuka, ukatoka. Ni kama mpira wa Pretoria, ila majibu yalikuwa kinyume. Refa Gottfried Dienst wa Uswisi hakuwa na hakika, akaenda kumwuliza mshika kibendera Tofiq Bahramov wa Azerbaijan, naye akaitikia kwamba ni bao. Uingereza wakashinda manne kwa mawili. Wajerumani walibisha kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Oxford walizipima zile picha za zamani, wakasema mpira haukuvuka wote. Na huko Baku, kwao Bahramov, uwanja mkubwa wa mpira umepewa jina lake. Hivyo ndivyo kosa la mmoja liwavyo sifa kwa mwingine.

Miaka 44 baadaye Mungu akawageuzia Waingereza. Tarehe 27 Juni, 2010, Bloemfontein, katika nchi ileile ya Afrika Kusini, Frank Lampard aliwapiga Wajerumani mpira ukagonga mtambaa panya na kudunda ndani ya mstari, mahali ambapo hata aliyekaa nyumbani aliuona. Refa hakuuona. Aibu ile ndiyo iliyowashurutisha wakuu wa sheria za mpira, mwaka 2012, kuruhusu mitambo ya kulinda mstari wa goli. Kamera nyingi huelekezwa langoni, na mpira ukivuka saa ya refa humpa ishara mkononi kabla ya sekunde moja kupita. Katika Kombe la Dunia la 2014 mitambo hiyo ilitumika. Pretoria mwaka 2024 haikuwapo. Palikuwa na waamuzi wa picha tu, nao hutazama zilezile kamera za televisheni.

Na hapa vijana wa hesabu watusaidie. Sheria yasema bao ni mpira wote kuvuka mstari wote. Ukibaki ukingo wake mmoja tu juu ya mstari, ukitazamwa kwa juu, si bao. Upana wa mpira ni kama sentimita 22. Mpira uendao kilomita 90 kwa saa hupita mita 25 kwa sekunde moja. Kamera ikipiga picha 25 kwa sekunde, kati ya picha moja na ya pili mpira umekwisha kwenda mita nzima. Ikipiga 50, nusu mita. Ni kweli kwamba mpira uliokwisha kugonga mtambaa panya hupungua mwendo, lakini hata nusu ya mwendo huo yatosha kuupoteza. Aidha kamera isiyosimama sawasawa na mstari huonyesha uongo, kama vile nahodha aonavyo jahazi mbili zimegusana kumbe zimeachana pima kumi. Mshika kibendera naye kazi yake humweka sambamba na walinzi, na mkwaju wa mbali ukipigwa, goli liko mbali naye.

Sisi tumeitazama picha ya Pretoria mara nyingi, nasi twadhani ulivuka. Walakini kudhani kwetu hakumpi refa bao la kuandika, maana kwa mpira wa namna hiyo sheria yamtaka awe na yakini. Lawama yetu twaiweka kwa wenye mashindano, waliomtaka mtu aone jambo ambalo tangu 2012 palikuwapo chombo cha kuliona, wasimpe chombo hicho. Ama wale wa kundi la tatu, wasemao refa aliuzwa, twawauliza kama tuwaulizavyo wadai wote: shahidi wenu ni nani? Mtu akiibiwa mbuzi hupeleka jirani zake mbele ya hakimu. Yafaa kuwe na angalau kiasi hicho kabla ya kumwita mtu mwizi mbele ya nchi mbili.

Sundowns wenyewe hawakufika mbali. Esperance ya Tunis iliwatoa katika nusu fainali. Habari hiyo haikumponya mtu wa Yanga hata mmoja tumjuaye.

Mwaka uliofuata ugomvi ukarudi nyumbani. Tarehe 8 Machi, 2025, Simba na Yanga walikuwa wakutane Dar es Salaam. Simba wakasema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, wakakataa kucheza, na Bodi ya Ligi ikauahirisha. Yakapita zaidi ya miezi mitatu ya barua na matamko. Ulipochezwa mwishowe, tarehe 25 Juni, nao ndio wa kumpata bingwa, waamuzi waliletwa kutoka Misri. Watu wa Simba na Yanga waliletewa mgeni kabisa, kama London ilivyomleta mtu wa tatu zamani. Yanga wakashinda mawili bila jibu, wakachukua ubingwa. Bao la kwanza lilikuwa la penalti. Na penalti, kama mjuavyo, haimalizwi Bagamoyo kwa birika moja la kahawa.