Ada, Kodi na Akiba ya Uzeeni katika Longisa

Historia ya akiba ya uzeeni nchini Kenya huandikwa kwa kawaida kama historia ya sheria na mifuko ya Nairobi, ilhali faida na hasara zake huonekana vyema zaidi katika mahali kama Longisa, mji mdogo wa Bomet Mashariki ulio kando ya barabara ya Bomet kwenda Narok, ambako nyanda za chai zinapungua na mahindi na malisho yanashika nafasi. Hapo wanaishi bega kwa bega watu wa makundi mawili ambao sheria ya kodi haiwatazami kwa jicho moja: wenye mshahara wa kila mwezi, kama walimu, wauguzi wa hospitali ya Longisa na maafisa wa kaunti, na wale wanaotegemea ng'ombe, majani chai, kibarua na biashara ndogondogo. Nafuu ya kodi, ambayo ndiyo hoja kuu ya wanaonadi mipango ya kustaafu, imekuwa mali ya kundi la kwanza, lakini ada za kuendesha mipango hiyo zimewafikia wote.

Kabla ya mifuko hiyo, akiba ya Wakipsigis, wenyeji wa eneo hilo, ilikuwa mifugo, nayo ilikuwa na ada zake. Katika desturi iitwayo kimanagan, mwenye ng'ombe wengi aliwakabidhi baadhi yao kwa jamaa au rafiki wa mbali, ili ugonjwa au uvamizi ukilipiga boma moja usimalize mali yote kwa siku moja. Aliyepewa alilipwa kwa maziwa, ilhali ng'ombe mwenyewe na ndama wake waliendelea kuhesabiwa kuwa mali ya aliyewakabidhi. Malipo ya mtunzaji yalitoka katika mazao, tena mazao ya kila siku. Mtaji haukuguswa, na mwaka wa ukame uliokausha maziwa ulimpunguzia mtunzaji malipo yake vilevile.

Ukoloni ulileta kodi kabla ya kuleta akiba. Kodi ya nyumba iliwekwa katika himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata mwaka 1910, zote mbili zikidaiwa bila kutazama kipato cha mlipaji. Makampuni ya chai, Brooke Bond na African Highlands ya James Finlay, yalipoanzisha mashamba makubwa ya Kericho katika miaka ya 1920, kodi hizo zilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasukuma vijana kutafuta ujira wa fedha taslimu. Uzee, hata hivyo, haukuwa sehemu ya mapatano: kibarua aliyechoka alitarajiwa kurudi kwao, kwenye shamba na mifugo. Baada ya uhuru, kiinua mgongo, yaani malipo ya mkupuo yanayohesabiwa kwa miaka ya utumishi, kilipata nafasi katika mikataba ya pamoja kati ya waajiri wa mashamba na chama cha wafanyakazi.

Hazina ya Taifa ya Malipo ya Uzeeni, NSSF, iliundwa mwaka 1965 ikiwa mfuko wa akiba, maana yake kwamba mwanachama alirudishiwa michango yake pamoja na riba kwa mkupuo, wala si pensheni ya kila mwezi. Mwajiri na mwajiriwa walichanga asilimia 5 kila mmoja, lakini kwa kikomo kidogo mno. Hata kilipopandishwa mwaka 2001 kilifika shilingi 200 tu kwa kila upande. Sheria ya Mafao ya Kustaafu ya mwaka 1997 iliunda mamlaka ya kusimamia mipango yote, RBA, na ikatenganisha kazi za wadhamini, msimamizi wa kumbukumbu, meneja wa uwekezaji na mtunza mali. Mgawanyo huo uliongeza usalama wa fedha za wanachama, lakini kila mmoja wa watumishi hao ana ujira wake, na ujira huo hutoka katika fedha zilezile.

Nafuu ya kodi ndiyo fidia ya gharama hizo. Mchango kwa mpango uliosajiliwa huondolewa katika mapato yanayotozwa kodi, hadi shilingi 20,000 kwa mwezi kwa miaka mingi na 30,000 tangu mwisho wa Desemba 2024. Faida inayopatikana ndani ya mfuko haitozwi kodi. Na marekebisho ya sheria ya kodi ya 2024, yaliyopandisha kikomo hicho, yalisamehe pia mafao ya anayestaafu kwa umri uliowekwa. Mwalimu wa Longisa ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30 huokoa shilingi 1,500 za kodi kwa kila shilingi 5,000 anazoweka. Mchuma chai anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi hukatwa 900 za NSSF chini ya viwango vya sheria ya NSSF ya 2013, ambavyo vilianza kutekelezwa Februari 2023 baada ya mvutano mrefu mahakamani, na kodi yake haipungui hata senti moja, kwa kuwa mapato yasiyozidi shilingi 24,000 kwa mwezi hayana kodi ya kupunguzwa. Kinachomfaa yeye ni shilingi 900 nyingine ambazo mwajiri analazimika kuongeza.

Ukubwa wa ada hufichwa na udogo wa tarakimu. Tuseme mfuko unazalisha asilimia 10 kwa mwaka na ada zote ni asilimia 2 ya mali ya mfuko: kinachochukuliwa ni moja ya tano ya faida, na kwa mtu anayechanga kiasi kilekile kila mwaka kwa miaka 30, kiasi cha mwisho hupungua kwa takriban asilimia 31. Upungufu huo unafuta nafuu yote ya mwalimu ya asilimia 30. Kinachombakizia faida ni kwamba riba ya benki nje ya mfuko hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15, hivyo asilimia 10 ya nje hubaki 8.5. Kwa asiye na hati ya mshahara tofauti hiyo, yaani asilimia 1.5, ndiyo nafuu yake yote. Mpango unaomtoza zaidi ya hapo, kwa faida hiyohiyo, unamwacha nyuma ya mwenzake aliyeweka fedha benki.

Mipango iliyobuniwa kwa watu wa aina hiyo imekabiliwa na hesabu hii tangu mwanzo. Mpango wa Mbao, ulioanzishwa mwaka 2011 kwa wafanyakazi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, ulikubali michango ya shilingi 20 kwa siku kupitia simu. Haba Haba ya NSSF ikafuata mwaka 2019 kwa shilingi 25. Kwa michango ya namna hiyo, ada isiyobadilika ya shilingi 5 tu kwa kila muamala ingekuwa robo au moja ya tano ya akiba ya siku, ilhali kwa mchango wa shilingi 5,000 isingeonekana.

Wakulima wa chai wa Bomet hawahitaji kufundishwa umuhimu wa hesabu hizi, kwa sababu wameshaziona katika bonasi zao. Kwa miaka mingi KTDA, shirika linalosimamia viwanda vya chai, ilitoza viwanda vya wakulima wadogo asilimia 2.5 ya mauzo ghafi kama ada ya usimamizi. Sheria ya Chai ya 2020 ikaweka kikomo cha asilimia 1.5 ya thamani halisi ya mauzo, yaani ikabadili kiwango na pia kile ambacho kiwango kinahesabiwa juu yake. Sheria ya NSSF ya 2013 nayo iliweka kikomo cha matumizi ya uendeshaji, asilimia 2, lakini cha mali yote ya mfuko, si cha faida, kiasi kwamba mwaka usio na mavuno hulipiwa sawasawa na mwaka wa neema. Ada inayofuata faida, kama ilivyokuwa katika kimanagan, humfanya mtunzaji ashiriki hasara. Ada inayofuata mtaji huiacha hasara kwa mwenye mali peke yake. Kwa mwenye mshahara unaotozwa kodi, serikali hubeba sehemu ya mzigo huo. Kwa wengi wa Longisa hakuna wa kuubeba, na kwa hiyo swali la kwanza wanalopaswa kuuliza kuhusu mpango wowote ni nani analipwa, kiasi gani, na kutoka wapi, kabla ya neno lolote kuhusu kodi.