Fahamu uhusiano kati ya uvimbe sugu mwilini na usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani na kujidhihirisha katika namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wenzake na anavyoyapokea mambo yanayomzunguka. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Kwa zaidi ya nusu karne wanasayansi wamekuwa wakichunguza iwapo mfumo wa kinga ya mwili, hasa unapochochewa kwa muda mrefu, una mchango katika kutokea kwake.

Swali hilo haliishii maabara. Linawagusa akina mama wanaojiuliza kama homa waliyoipata wakiwa wajawazito ndiyo iliyomdhuru mtoto, wazazi wanaouziwa dawa za kuondoa uvimbe katika ubongo, na mamlaka za afya zinazopanga chanjo za watoto. Makala haya yanaeleza yale yaliyothibitishwa, yale yanayoendelea kubishaniwa na yale yaliyokwisha kukanushwa.

Uvimbe unaozungumziwa ni upi?

Katika Kiswahili neno uvimbe hubeba maana mbili. Ya kwanza ni nyama inayoota mahali isipotakiwa, kama ilivyo kwa baadhi ya saratani. Ya pili ni ile hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, kupata joto na kuuma baada ya kuumia au kuvamiwa na vijidudu. Hapa tunazungumzia maana ya pili.

Mtu anapojikata kidole, chembechembe nyeupe za damu huelekea kwenye jeraha na kutoa kemikali ziitwazo saitokini, ambazo kazi yake ni kuziita chembechembe nyingine zije kusaidia. Huo ni ulinzi wa kawaida, nao hutulia jeraha linapopona. Uvimbe huitwa sugu pale ambapo kemikali hizo zinaendelea kuzalishwa kwa miezi au miaka hata kama adui haonekani. Ni kama moto wa makumbi: hauonyeshi mwali, lakini haufi.

Ubongo nao una walinzi wake, chembe ziitwazo maikroglia. Mbali na kupambana na vijidudu, chembe hizi hushiriki katika ujenzi wa ubongo wa mtoto kwa kupogoa viungio visivyohitajika kati ya neva, mfano wa mkulima anayepunguza matawi ili mti uzae vizuri. Hapo ndipo hoja ya watafiti inapoanzia: ikiwa walinzi hao watachochewa kupita kiasi wakati ubongo ungali unajengwa, huenda kazi yao ya kupogoa ikavurugika.

Dalili ya kwanza: rubela

Mwaka 1941 daktari wa macho nchini Australia, Norman Gregg, aligundua kwamba watoto wengi waliozaliwa na mtoto wa jicho walikuwa na mama walioambukizwa rubela mwanzoni mwa ujauzito. Miaka zaidi ya ishirini baadaye, kati ya 1964 na 1965, mlipuko mkubwa wa ugonjwa huo uliikumba Marekani, na takriban watoto 20,000 walizaliwa na madhara yake, yakiwemo uziwi, upofu na kasoro za moyo.

Daktari wa magonjwa ya akili ya watoto mjini New York, Stella Chess, aliwafuatilia watoto 243 kati ya hao. Mwaka 1971 aliripoti kwamba 10 walikuwa na usonji na wengine 8 walikuwa na baadhi ya dalili zake. Kiwango hicho kilikuwa kikubwa mno kikilinganishwa na makadirio ya wakati huo, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na ushahidi wa wazi kwamba maambukizi yanayompata mama yanaweza kuhusiana na usonji wa mtoto.

Ugunduzi huo ulikuja katika zama ambazo baadhi ya wataalamu wa nchi za Magharibi waliwatuhumu akina mama kwamba ubaridi wao wa mapenzi ndio uliosababisha usonji. Dhana hiyo imekwisha kutupwa.

Ubongo wenyewe unaonyesha nini?

Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, wakiongozwa na Diana Vargas na Carlos Pardo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa watu 11 waliokuwa na usonji na ambao walikuwa wamefariki dunia. Walikuta maikroglia na chembe nyingine za kinga zikiwa zimechochewa, hususan katika sehemu ya nyuma ya ubongo inayoratibu mwendo wa mwili. Pia walikuta saitokini za kuchochea uvimbe katika maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa sita walio hai.

Utafiti huo unanukuliwa sana, ila una mipaka yake. Idadi ya waliochunguzwa ilikuwa ndogo. Aidha, ubongo wa mtu aliyekwisha kufariki hauwezi kueleza ni kipi kilichotangulia: kwamba uvimbe ulizaa usonji, au kwamba ubongo uliojengeka kwa njia tofauti ndio uliouamsha uvimbe.

Ushahidi kutoka kwa wajawazito

Nchi za Skandinavia na Finland zina kumbukumbu za afya za wananchi wote tangu kuzaliwa, na huko ndiko tafiti kubwa zaidi zilikofanyika. Nchini Denmark, watafiti walichunguza taarifa za watoto zaidi ya milioni 1.6 waliozaliwa kati ya 1980 na 2005. Kwa ujumla hawakuona uhusiano kati ya maambukizi ya mama na usonji. Hata hivyo, pale mama alipolazwa hospitalini kwa maambukizi ya virusi katika miezi mitatu ya mwanzo ya ujauzito, uwezekano wa mtoto kugunduliwa na usonji ulikaribia kuwa mara tatu.

Nchini Finland, timu ya Alan Brown wa Chuo Kikuu cha Columbia ilipima katika damu ya wajawazito protini iitwayo CRP, ambayo huongezeka mwili unapokuwa na uvimbe. Akina mama waliokuwa katika kundi la juu kabisa la kiwango cha protini hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 43, wa kupata mtoto mwenye usonji kuliko wale wa kundi la chini kabisa. Lakini utafiti wa namna hiyo uliofanywa California haukuleta matokeo sawa.

Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Sweden uliohusu watoto 549,967. Nao uliona kwamba maambukizi makali wakati wa ujauzito yaliambatana na ongezeko dogo la usonji. Watafiti kisha wakawalinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja ambaye mama aliugua akiwa na mimba yake na mwingine ambaye mama hakuugua. Ongezeko lile likatoweka. Isitoshe, maambukizi ya mwaka mmoja kabla ya mimba yaliambatana na ongezeko la kiwango kilekile, ingawa mtoto hakuwa bado ametungwa. Tafsiri yao ni kwamba, kwa sehemu kubwa, chanzo ni mambo ambayo familia hushiriki kwa pamoja, kama vile vinasaba na mazingira, wala si homa yenyewe.

Hilo linaoana na utafiti wa mwaka 2019 uliohusisha zaidi ya watoto milioni mbili katika nchi tano, ambao ulikadiria kwamba takriban asilimia 80 ya tofauti za uwezekano wa kuwa na usonji inatokana na urithi.

Majaribio ya panya

Kwa kuwa haiwezekani kumwambukiza binadamu kwa makusudi, watafiti wamewageukia panya. Mwaka 2007 kundi la Paul Patterson katika taasisi ya Caltech nchini Marekani lilionyesha kwamba kuchochea kinga ya panya mwenye mimba huwafanya watoto wake wawe na tabia tofauti, na kwamba saitokini iitwayo IL-6 inapozuiwa, tabia hizo hazijitokezi. Mwaka 2016 timu ya Gloria Choi na Jun Huh iliibainisha saitokini nyingine, IL-17a, katika njia hiyo hiyo.

Majaribio haya yameeleza namna uvimbe wa mama unavyoweza kuufikia ubongo wa mtoto tumboni. Lakini panya hasemi, wala usonji wa binadamu haupimwi kwa jinsi panya anavyofukia gololi au kumnusa mwenzake.

Afrika Mashariki inahusika vipi?

Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 20 nchini Tanzania, ambapo 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali iliyoambatana na homa ya muda mrefu na degedege. Dalili za usonji zilianza walipopata nafuu. Waandishi wa utafiti huo walisema malaria inawezekana kuwa chanzo, lakini haijathibitishwa.

Rubela ndiyo yenye ushahidi mzito zaidi, na ina kinga. Rwanda iliingiza chanjo ya surua na rubela mwaka 2013, Tanzania 2014, Kenya 2016, Burundi 2017 na Uganda 2019. Mtoto wa kike anayechanjwa leo analindwa yeye, na kesho analindwa mtoto atakayembeba.

Chanjo yenyewe haisababishi usonji. Makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyodai uhusiano huo kwa kutumia watoto 12, ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na mwandishi wake akafutiwa usajili wa udaktari nchini Uingereza. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliowahusisha watoto 657,461 haukuona uhusiano wowote kati ya usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela.

Je, dawa za uvimbe zinatibu usonji?

Hadi sasa hakuna dawa ya kupunguza uvimbe iliyothibitishwa kubadili dalili za msingi za usonji. Minocycline, dawa inayotuliza maikroglia, ilijaribiwa nchini Marekani kwa watoto 11, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 hayakuonyesha nafuu ya maana.

Tiba nyingine ni za hatari. Mwaka 2005 mtoto wa miaka mitano alifariki dunia katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, baada ya kupewa dawa ya kuondoa metali mwilini kwa madai ya kumtibu usonji. Taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, inaelekeza kwamba dawa hizo, tiba ya oksijeni ya shinikizo na kumnyima mtoto aina fulani za vyakula zisitumike kutibu dalili za msingi za usonji.

Hii haina maana kwamba maradhi ya mtoto mwenye usonji yapuuzwe. Kufunga choo, maumivu ya tumbo, kukosa usingizi na kifafa huwapata watoto hao mara nyingi, nayo yanatibika. Mtoto asiyeweza kusema kwamba anaumwa huenda akaonyesha maumivu kwa kupiga kelele au kujigonga kichwa, na hapo daktari hana budi kumpima kabla ya kuihesabu tabia hiyo kuwa sehemu ya usonji.

Mjamzito anayepata homa anashauriwa kwenda kituo cha afya mapema, na asinywe dawa bila ushauri. Chanjo ya rubela hutolewa kabla ya mimba, si wakati wa mimba. Mzazi anayeona mtoto wake amechelewa kusema, haitiki anapoitwa jina au amepoteza maneno aliyokuwa nayo ampeleke kwa uchunguzi bila kusubiri, kwa sababu msaada wa lugha, mawasiliano na stadi za maisha huleta manufaa zaidi ukianza mapema. Na kwa mama aliyewahi kuugua akiwa mjamzito, tafiti hizi zote hazimpi yeyote sababu ya kumnyooshea kidole: idadi kubwa ya wanawake hupata maambukizi wakiwa wajawazito, na walio wengi mno kati yao huzaa watoto wasio na usonji.