Shahidi wa Walikale na masharti ya Minhaj

Abu Dawud na Tirmidhi wamepokea kisa cha mwanamke wa zama za Mtume aliyetoka kwenda kuswali, akavamiwa njiani na kubakwa. Alieleza yaliyompata, naye Mtume akamwambia aende zake, Mungu amemsamehe. Hakuulizwa mashahidi wanne wako wapi.

Kisa hiki hunijia kila inapotajwa Walikale, huko Kongo ya mashariki. Kuanzia Julai 30 hadi Agosti 2, 2010, wapiganaji wa makundi ya Mai-Mai Sheka, FDLR na wenzao walivamia vijiji 13 kati ya Kibua na Mpofi, Luvungi kikiwemo. Umoja wa Mataifa ulihesabu waliobakwa wasiopungua 387: wanawake 300, wasichana 55, wanaume 23 na wavulana 9.

Sharti la mashahidi wanne limo katika Suratun-Nur, na anayemsingizia mwanamke zinaa bila kuwaleta huchapwa viboko 80. Lilikuja kumkinga mwanamke na kashfa. Kumdai aliyebakwa mashahidi hao ni kuigeuza ngao yake kuwa silaha ya kumpigia.

Makadhi wa Kishafii wa Unguja na mwambao walitegemea Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu cha karne ya 13. Humo shahidi sharti awe Mwislamu, baleghe, mwenye akili, mwadilifu, mwenye murua, asiyetuhumiwa kuvutia upande wake. Katika mali, wanawake wawili pamoja na mwanamume mmoja wanatosha. Ndoa hutaka wanaume wawili, ingawa Mahanafi hukubali wanawake hapo pia. Mambo ya uzazi huthibitishwa na wanawake peke yao.

Tena shahidi awe huru, si mtumwa. Sharti hilo lina uzito wake Kongo ya mashariki. Misafara ya kina Tippu Tip ilipiga kambi Nyangwe na Kasongo, huko Maniema inayopakana na Walikale, ikateka watu na kuwashusha pwani. Mtu aliyeona kijiji chake kikichomwa, akishakuwa mtumwa, ushahidi wake haukupokelewa kwa kadhi wa Kishafii. Mahanbali waliupokea. Unguja ilifuta utumwa kisheria mwaka 1897.

Mlango wa kupanua masharti haya ulikuwa wazi zamani. Ibn al-Qayyim wa Dameski, karne ya 14, alisema bayana, yaani uthibitisho, ni chochote kinachoidhihirisha haki, wala si hesabu ya vichwa tu. Sheria ya mahakama za kadhi ya Kenya, ya 1967, inaagiza kila shahidi asikilizwe bila ubaguzi wa dini wala jinsia, na hukumu ifuate ukweli wa ushahidi, si wingi wa mashahidi.

Kesi ya Walikale haikwenda kwa kadhi. Ilisikilizwa Goma, katika mahakama ya kijeshi, chini ya sheria za Kongo. Tangu Julai 2006 sheria hizo zinakataza mwenendo wa zamani wa aliyebakwa kutumiwa kumvunjia heshima au kumtoa mtuhumiwa hatiani. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa Mai-Mai Sheka, aliyethubutu hata kugombea ubunge mwaka 2011 huku akisakwa, alijisalimisha Julai 2017. Alishtakiwa kwa maovu ya Walikale na Masisi, na Novemba 23, 2020 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Siku hiyo Guidon Shimiray, aliyekuwa msaidizi wake, alikuwa bado huru msituni na wapiganaji wake, ingawa hati ya kumkamata ilitolewa Juni 2019.