Mchapaji siyo mchapishaji: Mambo 6 ya kujua kabla ya kusaini mkataba wa kitabu

Mswada umekamilika, marafiki wameusoma na kuusifia, kilichobaki ni kutafuta mtu wa "kuutoa". Hapo ndipo waandishi wengi wachanga huumia. Siyo kwamba hawajui kuandika. Wanaingia kwenye biashara ya vitabu bila kujua nani anatoa hela na nani anabaki na haki.

Haya hapa mambo sita ya msingi kwa mwandishi wa Tanzania au Kenya.

1. Mchapaji na mchapishaji ni watu wawili

Mchapaji ana mashine. Analipwa kwa kazi ya kuchapa, anakabidhi maboksi, basi. Kitabu kiuzike kisiuzike, yeye hakimhusu.

Mchapishaji ni mwekezaji. Anachagua mswada, anagharamia uhariri, jalada, uchapaji na usambazaji. Kitabu kikidoda, hasara ni yake. Ndiyo maana anachukua sehemu kubwa ya mapato.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: gharama analipa nani? Kampuni inayomtaka mwandishi alipie kila kitu inauza huduma tu. Siyo kosa, ila hapo mwekezaji ni mwandishi, na nakala, haki na faida zinapaswa kuwa zake. Akilipa yeye halafu aambulie asilimia 10, amepigwa.

2. Asilimia 10 ya nini?

Malipo ya mwandishi kwa kila nakala inayouzwa huitwa mrabaha. Kiwango kinachozoeleka ni kama asilimia 10, lakini lazima mkataba useme ni asilimia ya bei ipi.

Chukua mfano wa kitabu cha Sh15,000. Duka linapewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea Sh9,000.

- Asilimia 10 ya bei ya dukani: Sh1,500 kwa nakala.
- Asilimia 10 ya anachopokea mchapishaji: Sh900 kwa nakala.

Zikiuzwa nakala 1,000, ya kwanza inaleta Sh1.5 milioni, ya pili Sh900,000. Tofauti ya Sh600,000 imetokana na maneno machache tu kwenye mkataba.

Mkataba useme pia mrabaha unalipwa lini na taarifa ya mauzo inatolewa mara ngapi kwa mwaka. Na mwandishi akumbuke kuwa mrabaha hukatwa kodi ya zuio kabla haujamfikia.

3. Hakimiliki inaanza pale unapoandika

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ya Tanzania, kazi inalindwa tangu inapotungwa. Kuisajili COSOTA ni kujiwekea ushahidi siku ikitokea kesi. Zanzibar wana COSOZA, Kenya wana KECOBO.

Wengi huchanganya hakimiliki na ISBN. ISBN ni namba ya kukitambulisha kitabu sokoni, haimthibitishi mtu kuwa mmiliki wa kazi. Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya hutolewa na Huduma ya Taifa ya Maktaba.

4. Kupangisha siyo kuuza

Mwandishi anaweza kumpa mchapishaji ruhusa ya kutoa kitabu kwa muda na lugha fulani. Hiyo ni sawa na kupangisha nyumba. Akisaini kuwa "anahamisha haki zote", ameuza nyumba yenyewe.

Tanzania, ulinzi wa hakimiliki ni maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Euphrase Kezilahabi alifariki 2020, hivyo kwa hesabu hiyo kazi zake zinalindwa hadi 2070. Riwaya yake ya Rosa Mistika ilitoka 1971, na tafsiri yake ya Kiingereza ikachapishwa Marekani na Yale University Press mwaka 2025, zaidi ya miaka 50 baadaye.

Haki ya tafsiri, filamu, kitabu cha sauti na toleo la kidijitali zitajwe moja moja. Kama mchapishaji hana mpango nazo, hana sababu ya kuzichukua.

5. Soko kubwa liko shuleni

Kitabu kikiingia kwenye orodha ya vitabu vya fasihi vya sekondari, kinapata wasomaji wapya kila mwaka. Kenya, ithibati ya vitabu vya shule inatoka KICD. Tanzania, kazi ya vitabu vya kiada ilirudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) mwaka 2013, hatua iliyowapunguzia wachapishaji binafsi soko lao kuu.

Riwaya isiyo ya shule inategemea maduka machache, maonyesho ya vitabu na mwandishi mwenyewe kujinadi WhatsApp na Instagram. Kwa hiyo mwandishi amuulize mchapishaji bila aibu: utaniuzia wapi, na utaanza na nakala ngapi?

6. Mlango wa kutokea

Nakala zikiisha na mchapishaji hataki kuchapa tena, inakuwaje? Mkataba usiposema, kitabu kinaweza kulala kabatini miaka na miaka huku mwandishi hana ruhusa ya kukipeleka kwingine.

Dawa yake ni kipengele kimoja: nakala zikiisha, mwandishi akaandika barua ya kuomba kichapwe na muda uliokubaliwa ukapita, mathalani miezi 12, haki zote zinarudi kwake.

Kabla ya kusaini

Mwandishi aombe kwenda na mkataba nyumbani, ausome taratibu na kumwonyesha mwanasheria au mwandishi aliyetangulia. Mchapishaji makini hakasiriki kuulizwa maswali. Akilazimisha mkataba usainiwe siku hiyohiyo, bora kurudi na mswada nyumbani.