Usiku Anga la Honolulu Lilipowaka

Jumapili, Julai 8, 1962. Jua limezama Honolulu na watu wanaelekea ufukweni. Magazeti yameshatangaza kwamba usiku huu Marekani italipua bomu la nyuklia angani, juu ya kisiwa cha Johnston, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Baadhi ya hoteli zimewaandalia wageni karamu kwenye paa ili wajionee.

Saa 4:46 usiku. Roketi ya Thor inaruka kutoka Johnston. Mnamo Juni 20 jaribio kama hili lilienda mrama. Roketi iliharibika dakika moja tu baada ya kuruka, ikabidi ilipuliwe, na mabaki yenye plutoni yakaanguka kisiwani. Mpango haukusitishwa.

Saa 5:00 usiku. Bomu la megatoni 1.4 linalipuka kilomita 400 kutoka ardhini. Kishindo hakisikiki Honolulu. Mwanga mkali unapenya mawingu, kisha anga linageuka kijani, linaingia manjano, na mwishowe linakuwa jekundu kwa dakika kadhaa. Huko Samoa nako mbingu zinawaka. Dar es Salaam ni saa 6 adhuhuri ya Jumatatu, watu wako kazini, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Sekunde hiyohiyo. Taa za barabarani zipatazo 300 zinazimika kisiwani Oahu. Ving'ora vya kuzuia wezi vinalia bila mwizi. Mawasiliano ya simu kati ya Kauai na visiwa vingine yanakatika. Miale ya gamma imeigonga hewa na kung'oa elektroni, usumaku wa dunia ukazipinda njia, na likazuka wimbi la umeme lililoingia kwenye kila waya mrefu lililoukuta.

Jumatatu, saa 4:35 usiku kwa saa za Honolulu. Haijatimia siku nzima tangu mlipuko. Satelaiti ya mawasiliano Telstar inarushwa kutoka Florida, nayo inaingia moja kwa moja kwenye mionzi. Elektroni za bomu zimenaswa na usumaku wa dunia na kuizunguka sayari yote. Zingine zitabaki huko kwa miaka. Siku chache baadaye Ariel 1, satelaiti ya kwanza ya Uingereza, inaharibika. Februari 1963 Telstar inanyamaza kabisa.

Oktoba 22, 1962. Wasovieti nao wanalipua bomu lao juu ya Kazakhstan, na laini ya simu ya kilomita 570 inaharibika. Jioni ya siku hiyo Rais Kennedy anautangazia ulimwengu habari za makombora ya Wasovieti yaliyoko Kuba. Mataifa mawili yanayokaribia vita yanaendelea kulipua mabomu juu ya vichwa vya watu wote.

Agosti 5, 1963. Marekani, Muungano wa Kisovieti na Uingereza zinatia saini Moscow mkataba wa kupiga marufuku majaribio ya nyuklia hewani, anga za juu na chini ya maji. Unaanza kutumika Oktoba 10. Lakini ya chini ya ardhi yanaachwa yaendelee.

Pengo hilo halijazibwa kisheria hadi leo. Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ulifunguliwa mwaka 1996, na bado haujaanza kutumika. Kenya na Tanzania zimeuridhia, na kituo cha Kilimambogo nchini Kenya husikiliza mitetemo ya ardhi ili mlipuko wa siri usipite bila kujulikana. Marekani ilitia saini lakini haijauridhia. Urusi iliondoa ridhaa yake mwaka 2023.

Mwaka 1962 satelaiti zilikuwa chache. Leo ni maelfu, na meli, ndege, benki na watabiri wa hali ya hewa huzitegemea. Mlipuko kama ule ukitokea sasa, hasara haitaishia kwenye taa 300. Serikali zetu zimeshauridhia mkataba, na sasa zina wajibu wa kuwadai wakubwa, katika kila kikao cha Umoja wa Mataifa, nao waridhie.