Jicho Lililovimba

Mtaani nilikokulia alikuwapo mtoto wa jirani aliyevimba taya, kisha jicho likaanza kutokeza nje. Watu wakasema amerogwa. Akazungushwa kwa waganga, na alipofikishwa hospitali maji yalikuwa yamezidi unga. Maradhi ya namna ile nimekuja kuyaelewa ukubwani, nilipoisoma historia yetu ya Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye akiwa Jinja akamwona mwingine vile vile. Burkitt alikuwa na jicho moja. La pili alilipoteza utotoni kwa ajali. Kwa hilo moja akatambua kwamba uvimbe wa taya, wa jicho na wa tumbo, uliokuwa ukiandikwa kama maradhi mbalimbali, ni saratani moja ya tezi.

Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake Ted Williams na Cliff Nelson walipanda gari kuukuu wakaenda maili 10,000, Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali kama imewaona watoto hao. Wakagundua ugonjwa huo hukaa penye joto na mvua nyingi, kwenye makao ya mbu wa malaria. Nyanda za juu zenye baridi hauonekani.

Mwaka huo huo Burkitt alihutubia London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege. Mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi walichokikuta ndani yake.

Kirusi hicho tunacho karibu sote, na wengi hakitudhuru. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, askari wa mwili wake hawapati likizo. Chembechembe za kinga huzaliana mfululizo, na siku moja mojawapo hukosea na kuasi.

Saratani ya tezi inayowapata watu wazima pembeni mwa jicho nayo ina kisa kama hicho. Mwaka 2004 madaktari wa Italia walikuta katika vivimbe hivyo bakteria wa kasuku na ndege wengine. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kwa dawa ya kuua bakteria tu, ingawa nchi nyingine bakteria huyo haonekani sana. Wako pia ambao kinga yao huushambulia mwili wenyewe na kukausha machozi na mate. Hao nao wamo katika hatari zaidi ya saratani ya tezi.

Tangu miaka ya 1960, pale pale Kampala, watoto wenye ugonjwa wa Burkitt wamepona kwa dawa. Uvimbe huo hukua haraka sana, lakini ukiwahiwa husikia dawa. Mtoto wa jirani yetu hakuwahiwa. Ukiona taya au jicho la mtoto limevimba, usingoje ushauri wa baraza la mtaa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.