Magnus Hirschfeld na Hesabu Zilizochomwa Moto

Magnus Hirschfeld alizaliwa mwaka 1868 katika familia ya Kiyahudi huko Kolberg, mji wa pwani ya Baltiki ambao leo umo Polandi. Baba yake alikuwa daktari, naye akafuata nyayo hizo. Kilichombadilishia njia ni kifo cha mgonjwa wake, ofisa wa jeshi aliyewapenda wanaume, ambaye alijiua kwa kushindwa kuubeba mzigo wa siri yake. Mwaka 1896 Hirschfeld alitoa kijitabu juu ya jambo hilo kwa jina la bandia. Mwaka uliofuata yeye na wenzake waliunda kamati ya kudai kufutwa kwa kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichowapeleka gerezani wanaume wa aina hiyo.

Wengine walikwisha kuandika kuhusu mambo haya, lakini wengi wao waliwatazama watu waliofikishwa mahakamani au hospitali za wagonjwa wa akili. Hirschfeld aliwauliza watu wa kawaida, na kwangu huo ndio ukubwa wake. Majira ya baridi ya 1903 hadi 1904 aliwatumia dodoso wanafunzi wapatao 3,000 wa chuo cha ufundi cha Charlottenburg, kisha mafundi chuma wa Berlin zaidi ya 5,000. Swali lilikuwa fupi: unavutiwa na wanawake, wanaume, au wote? Mtu alijibu bila kutaja jina. Baadhi ya wanafunzi walimshtaki kwamba amewavunjia heshima, akatozwa faini ya marki 200.

Hakuwa mtu asiye na doa. Mwaka 1907, katika kesi iliyomgusa rafiki wa karibu wa Kaisari wa Ujerumani, alitoa ushahidi kuhusu maumbile ya mtu ambaye hakuwa mgonjwa wake, kisha akaugeuza. Harakati zake mwenyewe zilidhurika.

Mwaka 1919 alifungua taasisi yake Berlin, katika mtaa wa Tiergarten. Hapo wanandoa walipata ushauri, wenye magonjwa ya zinaa walitibiwa, na wanawake walielezwa namna ya kuzuia mimba. Kulikuwa na jioni za maswali: watu waliandika kwenye karatasi lililowatatiza, wakatumbukiza sandukuni, na daktari akajibu mbele ya wote.

Wapinzani wake walimvamia Munich mwaka 1920, wakampiga hadi magazeti yakatangaza kifo chake. Tarehe 6 Mei 1933, akiwa nje ya nchi, wanafunzi wafuasi wa Hitler waliivamia taasisi na kuipora. Siku nne baadaye maelfu ya vitabu vyake yaliteketezwa hadharani. Hirschfeld aliutazama moto huo Paris, katika filamu ya habari kwenye sinema.

Alifariki Nice tarehe 14 Mei 1935, siku aliyotimiza miaka 67. Mwezi uliofuata utawala wa Hitler ulikifanya kifungu cha 175 kuwa kikali zaidi. Ujerumani ilikifuta kabisa mwaka 1994.